Kijiko Kimoja, Kingo Mbili za Songwe

Vijana wangu mnaojifunza mitambo, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie namna ya kuendesha kijiko penye matope. Nitawaandikia. Lakini mkiona nawazungumzia zaidi watu wawili waliokuwa wakikigombania kijiko hicho kuliko kijiko chenyewe, mnivumilie. Nimestaafu, na sina tena msimamizi wa kuniambia nirudi kazini.

Naitwa Tusekile. Nimezaliwa Makwale, kwenye mpunga na kakao, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimekaa ndani ya kibanda cha kijiko, yaani mashine ya kuchimba, ile ya minyororo yenye mkono mrefu na ndoo ya chuma mbele. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Tukuyu ambaye hakuwa na mazoea ya kueleza. Aliweka kikombe cha chai juu ya ndoo, kikiwa kimejaa, akaniambia nimpelekee pale kivulini bila kumwaga. Nilimwaga. Akaweka kingine. Nikamwaga. Jioni nilipofikisha kikombe salama alikinywa, akasema sukari haitoshi, akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa stashahada yangu.

Sasa niwapeleke Songwe. Mto ule unatutenganisha na Malawi, lakini wenyewe hautaki kutulia. Mvua zikizidi kule milimani unaacha njia yake na kukata nyingine, na mtu aliyelala akiwa na shamba Tanzania anaamka analitazama likiwa ng'ambo. Nilimfahamu mama mmoja aliyevuna mpunga wake kwa kuvuka mto kila asubuhi, huku mahindi ya mtu wa ng'ambo yakiota nyuma ya choo chake. Wala hawakugombana. Walikuwa wakilindiana mazao dhidi ya ndege.

Ndipo jumuiya ya nchi zetu za kusini, ambayo sisi na Malawi sote ni wanachama, ikatoa mradi wa matuta. Udongo upandishwe kingo zote mbili ili mto ukae ndani. Akaletwa injinia kutoka Zambia, Bwana Mulenga, mtu mpole mwenye kofia pana, ili asiwe wa huku wala wa kule. Siku ya kwanza alitukusanya darajani Kasumulu, akaomba karai, akatia maji, akaliinamisha kidogo kwetu. Maji yakatumwagikia viatuni. Akaliinamisha kwa Wamalawi, nao wakaloa.

"Tuta la upande mmoja likizidi la mwenzake," alisema kwa Kiingereza, nami nikawatafsiria wenzangu, "mnakuwa mmemsukumia jirani mafuriko. Kimo kiwe kimoja. Mpandishe pamoja."

Tulipiga makofi. Kila mtu alielewa. Hilo mlishike, kwa sababu yaliyofuata hayakutokana na kutoelewa.

Mradi ulikuwa na kijiko kimoja tu, na mwendeshaji mmoja, mimi. Wiki moja nichimbe Tanzania, wiki inayofuata nichimbe Malawi. Ili pande zote zijione zina mali, waliotunga mpango waligawa vitu: dizeli ikahifadhiwa kwetu, vipuri na magogo ya kuwekea mashine vikahifadhiwa kwao. Katika karatasi hiyo iliitwa ushirikiano.

Msimamizi wa upande wetu alikuwa Bwana Mwasomola, mrefu, mkimya, mwenye mashamba ya mpunga karibu kabisa na tuta. Alikuwa na kawaida ya kuonja udongo kwa ulimi kabla ya kuukubali. Msimamizi wa Malawi alikuwa Bwana Kayuni, mfupi, mchangamfu, mwenye sauti ya kufika hadi Karonga bila simu. Mke wake alizaliwa Mwaya, huku kwetu Tanzania, kwa hiyo Watanzania wote tulikuwa mashemeji zake. Siku za kawaida alituita kwa majina, mimi akiniita Madamu. Ukisikia amekuita shemeji, ujue kuna kitu anakitaka.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri kupita kiasi. Lugha haikutusumbua, maana Kingonde chao na Kinyakyusa chetu vinaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Shida yangu ilikuwa daraja. Kila Jumatatu kijiko kilipandishwa juu ya lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, na kila Jumatatu kilihesabika kuwa mzigo unaoingia nchi nyingine. Ofisa wa forodha akiniuliza kinatoka wapi, nasema ng'ambo. Kinakwenda wapi? Hapa. Kitarudi? Jumatatu. Alinitazama kama mtu anayepitisha ng'ombe mmoja kila wiki.

Mkaguzi wa mimea naye alitaka minyororo ioshwe, kusije kukaingia udongo wa kigeni. Nikateka maji ya Songwe, nikaosha udongo wa Songwe, nikavuka Songwe, nikaenda kuchimba Songwe. Ninyi mtakutana na mambo ya namna hiyo. Osheni tu. Kuosha ni kufupi kuliko kubishana, na minyororo safi inadumu.

Kilichoharibu mambo ni tangazo moja. Ilisemwa kwamba wakubwa wa jumuiya watakuja kufungua mradi, na sherehe itafanyika upande utakaotangulia kumaliza. Tena upande huo ndio utakaojengewa karakana, na kijiko kitabaki hapo moja kwa moja.

Nilimwona Mwasomola akisikiliza tangazo lile. Aliinama, akachukua udongo, akauonja, akatema mate kuelekea Malawi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa maana kuliko waziri. Nikiwa Tanzania, naletewa wali wa Kyela uliopikwa kwa mafuta ya mawese, na samaki mbasa mzima, kichwa chake kikiwa kinanitazama. Nikiwa Malawi, nyumbani kwa Kayuni napikiwa kondowole, ule ugali wao wa muhogo unaovutika, na dagaa wa ziwani wanaowaita usipa. Nilinenepa. Mlango wa kibanda cha mashine ukaanza kunibana.

Na Jumatatu zikaanza kuugua. Jumatatu moja Mwasomola aliniambia dereva wa lobedi amefiwa. Nikaenda kumpa pole, nikamkuta kwenye genge anakula chapati.

"Pole na msiba," nikamwambia.

"Msiba gani, dada?"

"Bwana Mwasomola amesema umefiwa."

Akatafuna, akafikiri. "Basi atakuwa na sababu," akasema. "Mimi nitalia kesho."

Tukachimba siku mbili za ziada upande wetu.

Kayuni aliposikia hakugomba. Wiki yake ilipokwisha alisema ni vizuri kijiko kiombewe kabla ya safari. Nani atakataa sala? Akaleta kwaya. Akaleta mchungaji, akaleta na mchungaji wa kanisa jingine ili pasiwe na upendeleo. Sheikh mmoja muuza vitambaa kutoka Kyela mjini, aliyekuwa akipita zake na mzigo, akashikwa mkono naye aombe dua. Wakaimba, wakahubiri, wakaombea ndoo, mkono, minyororo, hadi tangi la mafuta. Walipofika kwenye taa za mbele, ofisi za daraja zilikuwa zimefungwa.

"Shemeji," Kayuni akaniambia huku akijifuta jasho, "Mungu hakimbizwi."

Mnaona jinsi walivyokuwa wakicheza? Nilicheka, sikatai. Lakini kila siku ya hila ilikuwa na udongo wake. Wakipandisha tuta kimo cha kiuno kupita mstari wa injinia, sisi tunapandisha cha kifua. Tuta letu likawa ukuta, limesimama wima kama kabati. Lakini kila upande ulikuwa umekazana kupandisha pale panapoonekana kutoka barabarani, ambapo wakubwa watapiga picha, na kila upande uliacha pengo chini, kwenye kona ya mto, ambapo hapaonekani. Mapengo hayo mawili yalikuwa karibu karibu, la kwetu chini kidogo ya la kwao. Nyuma ya la kwao kulikuwa na kijiji chenye shule. Nyuma ya la kwetu kulikuwa na kijiji, zahanati, na mpunga wa Mwasomola.

Bwana Mulenga alikuja, akaona, akavua kofia. Aliwaita wote wawili na kuwaambia wazi kwamba mvua zikifika na mapengo yapo, watakuwa wamejenga mfereji wa kupeleka maji sebuleni. Wakakubaliana naye kwa moyo wote. Alipoondoka, kila mmoja alikuja kwangu peke yake kuniambia kwamba injinia alikuwa akimsema yule mwenzake.

Kisha likaja lile la dizeli. Nilikuwa Malawi na wiki imekwisha, lakini Kayuni hakutaka kuachia kijiko mpaka azibe pengo lake. Tangi lilikuwa karibu tupu. Akampigia Mwasomola alete mafuta. Mwasomola akasema mafuta yatatoka kijiko kikirudi. Kayuni akasema kijiko kitarudi mafuta yakija.

Nilikuwa na simu ya laini mbili, hivyo wote wawili walinifanya mimi kuwa daraja.

"Mwambie," alisema Mwasomola, "dizeli ni mali ya Tanzania."

"Mwambie," alisema Kayuni, "aiweke kwenye mkono wa Tanzania aone kama itachimba."

Siku tatu nne zikapita hivyo. Mimi nakula kondowole, mashine imelala, na kule juu kwenye milima ya Undali wingu limekaa jeusi. Wale waliozaliwa kando ya mto hawangoji mvua iwanyeshee ndipo wajue. Wanatazama milima. Mama Kayuni alikuwa akipepeta mchele uani, akanyanyua uso, akatazama wingu, akanitazama mimi.

"Dada'angu," aliniambia kwa Kinyakyusa cha Mwaya, "hawa wanaume wawili wanasubiri nini?"

"Kila mmoja anamsubiri mwenzake."

"Na mto je, nao unamsubiri nani?"

Asubuhi ile nikaenda kwenye mashine, nikamwambia mlinzi ninaipasha moto. Nikaiwasha, nikashuka nayo taratibu kwenye mteremko wa upande wa Malawi, nikaingia mtoni. Maji yalikuwa bado ya magoti. Katikati palikuwa na kisiwa cha mchanga kilichoachwa na mto ulipohama. Nikakipanda, nikasimama katikati yake, nikazima injini, ufunguo nikautia kifuani. Kisha nikafungua mlango wa kibanda nikakaa nimening'iniza miguu, kama mtu aliyefika kibarazani kwake.

Wanawake waliokuwa wakifua kingo zote mbili waliacha nguo. Watu wakaanza kujaa. Kayuni alifika mbio, na ng'ambo yake Mwasomola alifika bila mbio, maana hakuwa mtu wa mbio.

"Madamu," aliita Kayuni, "umekaa vizuri. Hicho kisiwa ni cha Malawi. Tulia hapo hapo."

"Usimsikilize," alijibu Mwasomola kutoka ng'ambo. "Babu yangu alilima hapo mihogo. Hapo ni Tanzania. Mashine imesharudi."

Walibishana vizuri sana. Wazee wa kila upande wakaitwa kutoa ushahidi. Mmoja akakumbuka mti, mwingine akakumbuka kwamba mti huo ulikuwa wa shangazi yake. Nikawaacha wachoke, kisha nikasimama.

"Nawasikia," nikasema. "Mafuta yamebaki ya kuwasha tu. Na mashine imeanza kuzama mchangani. Basi mwenye kisiwa ndiye aingie kuitoa."

Kayuni akakuna kichwa.

"Ukitazama sana," alisema, "kile kisiwa kimekaa kwa huko kwenu."

"Babu yangu alihama," alisema Mwasomola.

Watu wakacheka kingo zote mbili, hata mimi nikacheka. Kwa hiyo sikuliona lile gogo mpaka lilipopita chini ya miguu yangu. Gogo kavu, likizunguka. Nyuma yake povu la kahawia. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji yake yalikuwa yanawasili.

Hapo utani ukaniisha. Mchanga wenye maji haushiki chuma. Nilihisi mashine inainama upande mmoja polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Nilijua nilikuwa nimeketi juu ya kijiko pekee cha nchi mbili, na kikilala pale hakitaamka tena. Sauti yangu ilipotoka haikuwa ya mzaha.

"Mwasomola, dizeli. Kayuni, magogo. Sasa hivi."

Nitawaambia walichofanya, kwa sababu wakati mwingine nimewasema vibaya. Hawakuulizana. Mwasomola alivua viatu, akaweka dumu la dizeli begani, akaingia majini na suruali yake ya kazi, na vijana wake nyuma yake. Kayuni aliingia kutoka kule na watu wake, wawili wawili, wameshika magogo. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapaja. Mimi nilimimina dizeli huku mwingine akinishika mkanda nisidondoke.

Sasa shikeni somo mlilolitaka. Mashine ikizama, usizungushe minyororo. Ukizungusha unajichimbia kaburi. Geuza mkono upande uliozama, bonyeza ndoo chini polepole, na uzito wa mashine utanyanyuka kwa huo mkono. Hapo watu waingize magogo chini ya mnyororo, yalale kwa kukatisha. Shusha. Geuza mkono upande wa pili, fanya vilevile. Na kabla ya kubonyeza, hesabu watu wako kwa macho, maana anayesukuma gogo hatazami juu. Kayuni alikuwa chini ya mnyororo hadi kifuani, akipiga gogo likae sawa, na Mwasomola alikuwa amemshika ukosi wa shati asichukuliwe na maji. Nilibonyeza ndoo ile kama nimebeba watoto.

Ikanyanyuka. Ikakaa juu ya magogo. Na hapo, huku maji yakipiga minyororo, wale mabwana wakakumbuka kwamba lazima itoke upande mmoja.

"Itoke kwetu," alisema Mwasomola. "Mafuta ni yangu."

"Magogo ni yangu," alisema Kayuni.

Nikatazama ukingo wetu. Nilikuwa nimeujenga mwenyewe, nikiambiwa pandisha, pandisha. Ulisimama wima pale mbele yangu, mzuri, umenyooka, na hakuna mashine duniani ambayo ingeweza kuupanda. Ukingo wa Malawi pale ulikuwa bado ni pengo, mteremko wa kawaida; pengo letu lilikuwa chini zaidi, kwenye maji yenye kina.

"Bwana Mwasomola," nikamwambia, "tazama kwetu. Nipite wapi?"

Alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyokuwa na nafasi ya kutazama. Kijiko kikienda Malawi wakati mto umejaa, pengo letu linabaki wazi, na nyuma ya pengo lile kulikuwa na zahanati na chakula cha nyumba yake. Alikuwa ameshachukua tena begani dumu la mwisho. Angeweza kurudi nalo.

Akanipa. "Jaza," alisema. "Mafuta yafuate mashine."

Kayuni alikuwa akitetemeka kwa baridi. "Nikimaliza pengo langu, nitakuletea mwenyewe, shemeji."

"Hiyo shemeji yako ndiyo inayonitisha," alijibu Mwasomola, akageuka kurudi ng'ambo kabla maji hayajamzuia.

Nilitoka upande wa Malawi, na sikuzima injini isipokuwa kwa kuongeza mafuta. Pengo la Kayuni likazibwa mvua ikiwa imeshaanza kutupiga sisi wenyewe. Kisha tukaita lobedi nivuke darajani nikazibe la kwetu. Lobedi ikaja hadi njia ya vijijini, ikazama matope hadi ekseli. Hapakuwa na namna. Kijiko kilikuwa Malawi, kitabaki Malawi.

Nilikaa kwenye kibanda mvua ikigonga paa, nikamfikiria Mwasomola na dumu lake. Nilidhani Kayuni ataingia ndani kwake akajipashe moto. Tuta lake lilikuwa limefungwa, sherehe ilikuwa yake, karakana ilikuwa yake. Maji yote sasa yangekwenda kwetu kupitia pengo moja lililobaki.

Alikuja akiwa amebeba koleo, na magunia matupu yamemfunika kichwa kama kofia ya askofu. Nyuma yake kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, Mama Kayuni akiwa mbele na kamba kiunoni.

"Shuka humo, Madamu," aliniambia. "Leo utachimba kwa mikono kama sisi wengine."

Tukapita darajani kwa miguu. Ofisa aliyekuwa zamu alitutazama, watu wengi hivyo wenye makoleo, akauliza tunaingiza nini.

"Magunia," alisema Kayuni.

"Yana nini?"

"Hayana kitu. Tutatia udongo wenu."

Akatupisha.

Mwasomola alikuwa kwenye pengo na watu wake, wakitupa udongo ambao maji yaliuramba. Alituona. Alisogea tu, akatoa nafasi kwenye mstari, na Kayuni akaingia pale. Tulijaza magunia mchana kutwa. Mikono yangu iliyozoea vishikio ilitoka malengelenge ya aibu. Wale wawili walifanya kazi bega kwa bega, na nikasikia kila mmoja akihesabu magunia yake kwa sauti ya kutosha ili mwenzake asikie.

Mto ulipanda hadi mdomo wa magunia, ukakaa hapo ukitutafakari. Chini kidogo ya pale ulipata njia, ukaingia kwenye mpunga wa Mwasomola, ukaulaza wote. Lakini zahanati haikuguswa, wala nyumba, wala shule ya kule. Mwasomola alisimama akitazama mpunga wake ukizama.

"Ndaga fijo," alimwambia Kayuni. Ndiyo asante kubwa ya kwetu, na hakuwa mtu wa kuigawa ovyo.

"Zikomo," Kayuni alijibu kwa asante ya kwao, kisha akaongeza, "Yangu yalikuwa mengi zaidi."

"Yako yalikuwa nusu nusu," alisema Mwasomola.

Maji yaliposhuka Bwana Mulenga alikuja, akapima, akaamuru matuta yapunguzwe hadi kwenye mstari wake wa mwanzo. Msimu mzima uliofuata nilifanya kazi ya kubomoa nilichokuwa nimelishwa mbasa ili nikijenge. Wakubwa walikuja, na kwa kuwa hakuna aliyejua tena nani alitangulia, sherehe ikafanyika katikati ya daraja, watu wakisimama kiubavu magari yapite. Karakana haikujengwa popote. Kijiko chenyewe jumuiya ilikihamishia mto mwingine, kati ya nchi nyingine mbili. Nawaombea waendeshaji wa huko matumbo imara.

Mnaniuliza kila mara kama nchi zinaweza kufanya kazi pamoja. Mimi najua mambo ya kijiko tu. Niliona watu wawili wenye akili timamu wakishindana hadi karibu wazamishe vijiji vyao. Niliwaona watu haohao, mashindano yakiwa bado yamewajaa, wakiviokoa. Sikuwaona hata siku moja wakiacha kushindana. Kwa hiyo mkipata mradi wa namna hiyo, msipoteze muda kuwataka wakubwa wenu wawe malaika. Hakikisheni tu kwamba kile wanachoshindania ni kujaza pengo, si kupandisha ukuta.

Mwasomola alifariki mwaka jana, kwa amani, nyumbani kwake. Msiba ulijaa. Asubuhi ya maziko Kayuni akaja na lori la watu wake, amezeeka, sauti yake haifiki tena Karonga, lakini koleo lilikuwa mkononi. Akasema hawatakaa wakinywa chai wakati shemeji anachimbiwa nyumba na watu wengine. Vijana wetu wakasema kaburi la mtu wa hapa linachimbwa na watu wa hapa. Wakatazamana. Mwishowe wakagawana: watu wa Malawi waanzie upande wa kichwani, wetu wa miguuni.

Sijawahi kuona kaburi likichimbwa kwa kasi ile. Udongo uliruka kama mvua ya mawe. Walipokezana wawili wawili, kila upande ukichungulia mwenzake amefika wapi, na Kayuni amekaa pembeni kwenye kigoda, analia na kutoa maelekezo kwa wakati mmoja. Wajane wa marehemu walinituma niwapelekee wachimbaji maji. Nikawapa, kisha nikainama nikachungulia ndani, kwa jicho la kazi yangu.

Ukuta wa upande wa Malawi ulikuwa umenyooka kuliko wetu.

Kayuni aliniona nikitazama. "Unasemaje, Madamu?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba kuta zote mbili ni sawa. Mimi ni Mtanzania.